Marejesho ya Upande wa Kiteto

Ukitaja vita na mikopo midogo kwa pamoja, mtu wa Dodoma atakuelekeza magharibi: Goma, Bukavu, Burundi ya miaka ya tisini. Sisi huku, atakwambia, tuna Bunge, zabibu na vumbi. Watu wenye silaha ambao wazee wa Kongwa wanawakumbuka ni wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia waliopiga kambi pale miaka ya 1960, na hao walikuwa wageni wetu, vita vyao vilikuwa kwao. Lakini karibu yote ninayoyajua kuhusu silaha na marejesho niliyajulia Kibaigwa, nikiwa afisa mikopo wa taasisi ambayo sitaitaja jina, na wala hakuna aliyepigana Kibaigwa. Walipigana ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Kiteto.

Kwa asiyeifahamu, Kibaigwa ni mji mdogo wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, na unaishi kwa soko la mahindi. Mzigo mwingi unatoka Kiteto, mkoani Manyara. Fuso zinaingia, makuli wanashusha, kina mama wanachekecha na kupepeta, madalali wanabishana na wakulima juu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na pembeni yao wako mama lishe, wauza mitumba, bodaboda na mawakala wa fedha za simu. Hao ndio waliokuwa wateja wetu, wengi wao wanawake, katika vikundi vya watu watano watano vilivyokutana kila wiki kwa ajili ya rejesho. Kundi la pili lilikuwa wakulima. Makazi yao Kongwa au Gairo, mashamba yao Kiteto, wanakodi ekari huko kwa sababu mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na hata ndani ya msimu huo inaweza kukata mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachanua.

Mkopo wa kilimo una ratiba yake. Fedha inatoka Oktoba au Novemba, inaingia kwenye trekta, mbegu na vibarua, na rejesho linategemewa Juni au Julai mzigo ukishafika sokoni. Kati ya hapo taasisi haina cha kushika. Nyumba ya tope yenye bati chache tuliyoiandika kwenye fomu kuwa dhamana haikufika hata nusu ya deni, na kila mtu ofisini alilijua hilo. Mkopo wenyewe uko ardhini.

Januari 2014 mahindi yalikuwa kwenye palizi. Mgogoro wa wakulima na wafugaji Kiteto ulikuwa umefukuta kwa miaka, hasa kuhusu eneo la hifadhi ya jamii la Emboley Murtangos, ambalo vijiji vililitenga na wakulima wakawa wanalilima. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na amri za kuondoka, kulikuwa na watu waliolima bila kujali amri. Mwezi ule ukalipuka. Watu wapatao 10 waliuawa ndani ya siku chache, nyumba na mali zikachomwa, na kabla ya mwaka kwisha damu ikamwagika tena. Kwa mizani ya dunia hiyo si vita, na sitaki kuikuza. Ila mambo yaliyotokea kwenye daftari la mikopo baada ya hapo ndiyo yaleyale ambayo baadaye niliyasikia kutoka kwa watu waliopitia vita kamili.

Nakumbuka rejesho moja chini ya mwarobaini, nyuma ya ghala. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama mtu mzima, muuza maharage, mwenye desturi ya kupanga noti kwa ukubwa kabla hajanikabidhi. Siku hiyo alikuwa ameketi tu, fedha ziko kwenye pindo la kanga, hajazipanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo hatujatimia."

Wawili hawakuwepo. Mmoja mumewe alikuwa amekatwa sime shambani na alikuwa anamuuguza. Wa pili alikuwa amechukua watoto akakimbilia kwa ndugu zake, wengine wakisema Gairo, wengine Morogoro. Kanuni ya dhamana ya kikundi inajulikana: waliobaki wanachanga. Niliisoma kanuni hiyo kwa sauti kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, bila ukali, "Mwanangu, sisi tulitia saini kumdhamini mtu asiyetaka kulipa. Huyu hatujui hata kama yu hai. Saini ya hilo hatukutia." Akafungua pindo, akanipa rejesho la watatu waliokuwepo, kamili, hadi shilingi mia ya mwisho.

Wataalamu wa mikopo wana maneno marefu ya kuueleza msimamo huo. Mama aliumaliza kwa pumzi moja. Dhamana ya kikundi imejengwa kwa shida ya mtu mmoja mmoja: huyu kaugua, yule kaibiwa, wenzake wanambeba, mwezi ujao zamu inageuka. Shida inapowapata wengi kwa mpigo na sababu moja, hakuna wa kumbeba mwenzake. Tena panapotokea silaha watu wanahama, na kikundi cha watu waliohama hakipo, hata kama majina yao yako kwenye fomu.

Kilichonishangaza zaidi ni mwendo wa shida yenyewe. Nilidhani itabaki kwa wakulima. Kumbe wale walikuwa wa kwanza tu. Magari yalipopungua, makuli walikaa bila kazi, na kuli asiyebeba hali kwa mama lishe. Mama lishe mmoja aliyekuwa anapika debe la wali kwa siku alishuka hadi sufuria la kilo tano, halafu akaacha wali kabisa akabaki na uji wa asubuhi. Hajawahi kukanyaga Kiteto maishani mwake. Rejesho lake la kila wiki lilianza kuja nusu, baadaye likaja na maneno bila fedha. Kwenye ramani za usalama yeye hayumo, yuko mbali kabisa na tukio. Kwenye daftari langu alikuwa katikati.

Makao makuu waliliangalia jambo hilo kwa kioo kimoja: kiasi cha mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Sina ugomvi na kipimo hicho. Fedha tulizokuwa tunakopesha nyingi zilikuwa za kukopa benki, na benki haina habari na Emboley Murtangos. Riba yake inasoma kila mwezi. Mkopo ukichelewa unatakiwa kuutengea fedha ya tahadhari, fedha hiyo inatoka kwenye faida, faida ikikatika mishahara inaanza kuchelewa, na maafisa wazuri wanaondoka kwanza kwa sababu wao ndio wenye pa kwenda. Haya si maneno ya kitabuni. Dereva wetu wa pikipiki alikuwa anajaza mafuta kwa mkopo sheli.

Kwa hiyo agizo lililokuja lilikuwa na mantiki yake: sitisheni mikopo mipya kwa vijiji vyote vya njia ya Kiteto, maafisa wasivuke sehemu fulani ya barabara, kusanyeni kilichopo. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo nalishikilia, na nimebishana nalo na watu wenye shahada kunishinda. Mapigano yenyewe yaliharibu sehemu ya mikopo. Sehemu kubwa iliyofuata iliharibiwa na sisi kuondoka.

Mtu maskini anapolipa mkopo wa laki mbili, halipi kwa kuogopa mahakama. Hakuna taasisi itakayompeleka mtu mahakamani kwa laki mbili, gharama ya wakili tu inazidi. Analipa kwa sababu anataka laki nne mzunguko ujao, na kwa sababu atakuona wiki ijayo. Ukimwambia hakuna mzunguko ujao na wewe mwenyewe huji, umemwondolea sababu zote mbili kwa pamoja. Watu waliokuwa wanalipa Januari na Februari, mapigano yakiwa bado ya moto, waliacha kulipa Aprili, hali ikiwa imetulia. Mmoja aliniambia kwa simu, tena kwa adabu: "Dada afisa, nyie mmeshafunga. Mimi nikulipe halafu nianze upya na nini?" Nilitafuta cha kumjibu sikupata, na nilikuwa nalipwa mshahara wa kumjibu.

Wakati huohuo palikuwa na kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha wanawake, baadhi yao wateja wetu wenyewe, ambacho hakikusimama hata mwezi mmoja. Sanduku lao la kufuli tatu walilihamisha kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Walipunguza bei ya hisa. Mikopo ya ndani waliisogeza mbele bila faini hadi mavuno. Mfuko wa jamii, ambao kawaida ni wa misiba na kulazwa, waliutumia kununua unga kwa wenzao waliopoteza mashamba. Nilihudhuria kikao chao kimoja nikiwa nimevaa fulana ya taasisi, wakanicheka. Hawakuwa na pango la ofisi, hawakuwa na deni benki, na waamuzi wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, kwa hiyo uamuzi uliotuchukua sisi barua na vikao wao waliumaliza kabla chai haijapoa. Nisikisifie kupita kiasi, lakini. Fedha yao yote ilikuwa jasho lao wenyewe, na mwaka ukiwa mbaya kwa wote sanduku nalo linakonda. Hakuna aliyepata pale mtaji wa kurudi shambani kwa ekari kumi. Kikoba kiliwavusha, kurudisha kilichopotea hakikuweza.

Kisha yakaja mambo ya Dodoma mjini. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli safari hii, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Watumishi wakamiminika, nyumba za kupanga zikapanda bei, na taasisi za mikopo zikagundua mteja asiyehitaji kufuatwa kwa pikipiki. Piga hesabu ya haraka. Afisa mmoja mwenye wateja 300 wa laki mbili mbili ana milioni 60 nje, na kila wiki anazunguka vikundi 60. Watumishi 20 wa milioni tatu tatu ni milioni 60 zilezile, na rejesho linakatwa kwenye mshahara kabla mwenyewe hajauona. Meneja gani atachagua vumbi?

Taasisi yetu ilipona. Mikopo chechefu, ile isiyolipika, ilishuka, riba ya benki ikalipwa, ripoti ya mwaka ikatoka na picha za rangi. Katika picha hizo alikuwepo mama mwenye kapu la nyanya, ingawa wateja wa aina yake tulikuwa tumebaki nao wachache sana. Wastani wa mkopo ulikuwa umepanda mara kadhaa, na anayejua kuzisoma ripoti hizi anajua maana yake: wastani ukipanda ghafla, maskini wametoka mlangoni. Hakuna aliyewafukuza. Hawakurudishwa tu. Hata huko kwa watumishi raha haikudumu, maana sheria inataka mtu abakiwe na theluthi moja ya mshahara, na wakopeshaji wakaanza kugombea theluthi mbili zilezile za mtu yuleyule. Nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, baadaye, mwalimu alitueleza habari za Bosnia: baada ya mkataba wa Dayton wa 1995 fedha za wafadhili zilimwagwa kwenye taasisi za mikopo midogo, zikakua kwa kasi iliyosifiwa dunia nzima, na kufikia 2009 wateja wengi walikuwa na mikopo miwili mitatu kwa pamoja na hawawezi kulipa. Darasa zima lilikuwa linafikiria makato ya Dodoma, kwa sura nilizoziona.

Kule Kibaigwa pengo halikukaa tupu. Walikuja wale tunaowaita kausha damu. Fomu yao ni karatasi moja, fedha unapata siku hiyohiyo, dhamana ni kadi ya benki na namba yake ya siri, au godoro na televisheni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilikuja kuwapanga wakopeshaji katika madaraja manne, taasisi zinazopokea amana daraja la kwanza, zisizopokea la pili, SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya kuweka na kukopa, la tatu, vikundi kama vikoba la nne, kila mmoja na usajili wake. Ni sheria nzuri na ninaitetea. Lakini mama lishe hakuulizi upo daraja gani. Anaangalia nani yupo.

Pale UDOM nilisoma na kaka mmoja Mkongo aliyewahi kufanya kazi kwenye chama cha kuweka na kukopa Goma. Alikuwepo Novemba 2012, waasi wa M23 walipoushika mji kwa siku kumi hivi wakaondoka. Nilimweleza habari za Kiteto nikitarajia atanicheka kwa udogo wake. Hakucheka. Aliniambia tofauti kubwa kati yetu ni kwamba sisi tulikuwa tunakopesha tu, wao walikuwa wanatunza akiba za watu. Kwetu hofu ilimfanya mteja asije. Kwao ilimfanya aje mbio, alfajiri, na wenzake wote, kila mmoja anataka chake. Chama kinachotunza akiba hakina fedha yote kabatini, nusu iko kwa wakopaji, na wakopaji ndio hao wanaokimbia. Kilichowaokoa, alisema, ni kwamba mkuu wao alifungua milango akalipa kidogokidogo kwa kila mtu badala ya kufunga. Watu walipoona wanalipwa, foleni ikapungua yenyewe.

Januari 2025 M23 waliposhika tena Goma, mara hii bila kuondoka, alinitumia ujumbe wa sauti. Benki zilifungwa. Watu wenye fedha kwenye akaunti walikuwa hawana hela ya mkate, kwa sababu noti zenyewe hazikuwepo mjini. Waliobaki na ahueni walikuwa wale wenye salio kwenye simu, na hata hao walikatwa kamisheni nene na mawakala wachache waliokuwa na noti. Nilipomaliza kusikiliza nilimkumbuka yule mteja wetu aliyekimbia na watoto. Mwaka mmoja baada ya mapigano alinipigia, akaomba namba ya kulipia kwa simu, akaanza kutuma elfu tano tano. Nilipopeleka habari hiyo ofisini niliambiwa mkopo ule umeshafutwa vitabuni na hauna pa kuupokelea. Ilichukua muda kutafuta akaunti ya kuiweka hela ya mtu aliyeamua kulipa deni ambalo sisi tulishalitupa.

Sasa niko kwenye SACCOS, kamati ya mikopo, na upo upande mmoja wa hadithi hii ambao nilichelewa kuusikia kwa sababu haukuwahi kuja kwenye marejesho yetu. Mzee mmoja mfugaji alikuja kuulizia uanachama, amevaa lubega na saa ya gharama. Nilimwuliza mifugo yake inakaa wapi, akaniambia, nikatambua eneo. Nikataja mwaka 2014. Akatulia kidogo.

"Trekta zile zilikuwa zinalipiwa na nani?" aliniuliza.

Nikamwambia nyingi zilikuwa za kukodi, kwa mikopo.

"Mikopo yenu?"

"Mingine yetu, mzee."

"Basi mlikuwa mnakopesha upande mmoja," akasema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja bei.

Ukilifuata jambo lake kwa hesabu, yuko sahihi. Tulikopesha ekari. Kila msimu mzuri tuliongeza kiwango, na kila nyongeza ya kiwango ilikuwa ekari zaidi kwenye ardhi ambayo watu wengine walikuwa wanadai ni ya malisho. Fomu yetu iliuliza ukubwa wa shamba, zao, aina ya mbegu. Haikuuliza ardhi ni ya nani na nani mwingine anaidai. Mfugaji hatukumkopesha kabisa: hana nyumba ya kudumu karibu na ofisi, hakai kikao cha kila wiki, na mali yake inatembea. Kwa hiyo mapigano yalipotokea tulikuwa na macho ya upande mmoja tu, na hata dalili hatukuziona, kwa sababu hakuna mteja wetu aliyekuwa anazijua kwa ndani.

Kwenye kamati nilipendekeza mambo mawili. La kwanza lilipita bila shida: ombi la mkopo wa shamba lililo nje ya wilaya liambatane na barua ya serikali ya kijiji inayoonyesha kwamba eneo hilo limetengwa kwa kilimo, na mikopo ya mashamba ya ukanda mmoja isizidi theluthi ya mikopo yote ya kilimo. La pili, kukopesha vikundi vya wafugaji kwa kunenepesha ng'ombe, lilitukalisha hadi jioni. Mhasibu anataka dhamana isiyotembea. Mjumbe mmoja, mkulima wa Kongwa aliyezika ndugu mwaka ule, alisema hawezi kupiga kura ya kumpa fedha mtu wa upande ule, akatoka nje. Tulimsubiri akarudi, akapiga kura ya hapana, na hakuna aliyemlaumu. Pendekezo lilipita kwa kura chache. Kiwango cha riba hatukuafikiana, kimebaki cha kikao kijacho. Tulichokubaliana ni kwamba marejesho yafuate siku za mnada badala ya kila wiki, na kwamba afisa atakayewafuatilia awe anaongea Kimaasai.